WiFi ya gesti inakufa kila jioni: ninunue vifaa vyenye nguvu zaidi au niweke busta (kikuza mawimbi ya simu)?

Dada wa Rau (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naendesha gesti ya chini na juu huku Rau, wageni wangu wengi ni wale wanaopanda au wanaoshuka mlima. WiFi tuliwekewa mwaka jana: ruta ya 4G iko mapokezi, halafu visahani vitano vyeupe vya darini. Kimoja mapokezi, kimoja korido ya chini, kimoja sehemu ya kulia chakula, viwili juu. Havina waya kati yake, vinapokezana vyenyewe hewani. Aliyeweka alisema ndiyo mambo ya sasa, na waya ungeharibu rangi ya kuta.

Asubuhi inakimbia vizuri tu. Balaa linaanza saa moja jioni, magari yakisharudisha wageni. Simu inaonyesha mistari yote ya WiFi imejaa, ukurasa haufunguki. Mgeni akiwa anaongea na kwao kwa WhatsApp, akitoka chumbani kwenda kula sauti inakatika kabla hajamaliza ngazi. Anakaa mezani, kisahani cha WiFi kiko juu ya kichwa chake kabisa, simu bado inang'ang'ania kile cha juu alikotoka. Kuna mmoja ametuandikia maoni kwamba supu ni nzuri, kitanda kizuri, intaneti ni ya mapambo.

Nimeingia kwenye programu ya hivyo visahani. Chaneli imeandikwa "otomatiki" kwa vyote, nguvu "juu" kwa vyote, majina ya WiFi ni matatu: Wageni, Ofisi, Kamera. Masafa ya gigahezi 2.4 na ya 5 yote yamewashwa. Kuta ni tofali za saruji, sakafu ya kati zege, paa bati.

Kingine, spika ya mapokezi inapiga "tit-tiriti-tit" kila simu ya kijana wa zamu inapotaka kuita. Sijui kama vinahusiana.

Kijana wa duka moja mjini anashauri nitoe vyote niweke vyenye antena ndefu, na ninunue busta ya simu kwa sababu vyumba vya chini mtandao wa kupigia ni mstari mmoja. Jumla milioni moja na laki tisa. Kabla sijatoa hela, naombeni maoni ya mtu aliyewahi kuhangaika na hii kitu.

Mangi Pasua

Watu wamelipa hela zote hizo kuja kuuona Kilimanjaro, wewe unawapa WiFi waangalie video za paka. Zima, waongee wao kwa wao. Natania dada. Ila hiyo moja na laki tisa usitoe kwanza, ngoja mafundi waamke.

Fundi Njiro (Arusha)

Nimeamka. Dada, hela yako ikae mfukoni. Kazi yangu ni hizi hizi, gesti, shule, ofisi za utalii hapa Arusha, na kitu kinachonichosha kuliko vyote ni imani kwamba WiFi ikisumbua dawa yake ni nguvu. Kwako hiyo nguvu ndiyo ugonjwa.

Tuanzie kwenye simu ya mgeni. Sahani ya WiFi ikiwekwa "juu" inaweza kurusha 20 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) na zaidi, yaani kuanzia milliwati 100. Simu nyingi kwenye WiFi zinarusha kama 14 au 15, karibu milliwati 30, maana zina betri ya kulinda. Kwa hiyo simu inaisikia sahani vizuri kabisa na inachora mistari yote, lakini simu ikijibu, sahani haipati kitu. Ile mistari inakwambia upande mmoja tu wa mazungumzo. Antena ndefu husaidia pande zote mbili, hilo sikatai, ila nayo itasikia vizuri zaidi kila sahani nyingine ya humo ndani na kila ruta ya jirani. Unanunua masikio makubwa katikati ya makelele.

Hicho hicho ndicho kinachofanya simu isihame. Watu wanadhani mtandao ndio unaoihamisha simu. Hapana, simu inaamua yenyewe. Apple wameandika wazi kwamba iPhone huanza kutafuta nodi nyingine (yaani sahani nyingine) mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm. Sasa kama sahani ya juu inapenya zege na kumfikia mgeni mezani kwa -62, ambayo ni nguvu zaidi ya -70, simu itahangaika kuhama kwa sababu gani? Haijaona tatizo.

Halafu hewa yenyewe. Masafa ya 2.4 yanaanza megahezi 2400 na kuishia 2483.5. Mna chaneli 13 humo, zimepangwa kila baada ya megahezi 5, lakini kila moja inakula 20. Zisizokanyagana ni 1, 6 na 11, basi. Nodi mbili zikiwa kwenye chaneli moja, angalau zinasikilizana, moja ikiongea nyingine inangoja. Moja ikiwa 1 na nyingine 3, hazielewani tena, kila moja kwa mwenzake ni kelele tu. Hii ya otomatiki ingefaa, tatizo ni umeme wetu. Umeme unakatika, unarudi, nodi zote zinaamka kwa pamoja, zinasikiliza kwa pamoja, zinakuta kimya, zinachagua chaneli ileile. Nimelikuta hili mara nyingi mno hadi siku hizi otomatiki naizima kabla hata sijafungua ngazi.

Na kupokezana hewani ni kubaya zaidi. Data ya mgeni wa chumba cha juu inasemwa kutoka simu kwenda sahani, kisha inarudiwa kutoka sahani kwenda sahani, labda tena mara nyingine, ndipo ifike kwenye ruta. Kama ni redio ileile inayofanya kazi zote mbili, kila mruko unakata spidi kama nusu. Asubuhi kuna wageni wanne, huoni. Jioni kila mmoja ana simu, saa, labda na tableti, wote wanapandisha picha za kileleni kwa wakati mmoja.

Sasa majina yako matatu. Hapa nataka uone hesabu, maana hakuna anayeamini hadi aione. Kila nodi hutangaza kila jina kama mara 10 kwa sekunde ili simu zijue lipo. Nodi 5 mara majina 3 ni matangazo kama 150 kwa sekunde. Matangazo hupelekwa kwa spidi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, na kama umeacha zile spidi za kizamani, hiyo ni megabiti 1. Tangazo moja linachukua milisekunde mbili na ushee. Zidisha: kama zote ziko chaneli moja na zinasikiana, karibu theluthi ya hewa yako imeliwa na majina kabla mgeni hajatuma hata neno "mambo". Kamera zipelekee waya ukiweza, Ofisi na Wageni yabaki. Na hizo spidi za kizamani, 1, 2, 5.5 na 11, zizime. Hakuna mgeni anayekuja Moshi na simu inayozihitaji.

Baada ya hapo shusha nguvu. Kwenye 2.4 weka 8 au 9 dBm. Kwenye 5 acha 15 hivi, maana masafa ya juu yanachoka haraka ukutani na unataka simu ziipende 5. Lengo ni sahani ya juu isisikike vizuri mezani. Chaneli za 5 chagua kati ya 36 na 48 au kuanzia 149. Za katikati zinashirikiana na rada, kifaa kinatakiwa kisikilize dakika nzima kabla ya kuzitumia na kikimbie kikidhani kimesikia rada, halafu mgeni anakuja kukuuliza WiFi imeenda wapi. Upana wa chaneli za 2.4 uwe megahezi 20, usikubali 40 hata programu ikikubembeleza. Na mipangilio inayoitwa 802.11k na 802.11v iwashe, inaisaidia simu kujua majirani wa nodi. Ile ya 802.11r, ya kuharakisha kuhama, iache kwanza, kuna simu za zamani zinaigomea.

Haya yote ni bure. Fanya, angalia jioni mbili tatu, uje utuambie. Na nijibu hili: ruta ya 4G na sahani ya mapokezi zimeachana kwa umbali gani, na kuna nini kingine hapo kwenye meza?

Mzee wa Minara

Binti, hilo la busta niachie mimi. Nimepanda minara ya Kilimanjaro na Manyara hadi magoti yakakataa.

Mnara unasikiliza simu zilizo mbali. Sauti ya simu ya mtu aliye kilomita kadhaa ikifika kule juu inaweza kuwa chini ya -100 dBm, hafifu mno. Busta ya dukani haichagui. Inachukua kila kitu kilichomo kwenye bendi yake pamoja na kelele zake yenyewe, inakuza, inaurushia mnara usiku na mchana hata kama hakuna anayepiga. Ni sawa na mtu kuwasha jenereta chini ya dirisha la chumba cha mtihani. Mnara unapandiwa na kelele, unaziamuru simu zote za mtaa zipaze sauti, na zile zilizokwisha kufika mwisho wa nguvu zao zinakatika. Wewe una mistari mitano, jirani yako wa upande wa pili hapati hata kumpigia bodaboda.

Kuna na lingine. Antena ya ndani ikisikika na ya nje, busta inaanza kujisikiliza na kujikuza yenyewe, kama maikrofoni iliyosogezwa karibu na spika. Busta inayokuza desibeli 70 inataka utengano wa kama 85 kati ya antena zake. Bati lako litakusaidia kidogo, madirisha hayatakusaidia. Hapo ndipo kampuni ya simu inapotuma vijana na antena ya kutafutia mwelekeo, na hawakosei paa.

Na kisheria, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifaa cha redio lazima kiwe kimeidhinishwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na masafa hayo yana mwenyewe aliyeyalipia leseni. Nenda kwa kampuni ya laini yako na malalamiko ya maandishi kuhusu vyumba vya chini. Wao wana vifaa vya ndani wanavyoweza kuvifunga na kuvisimamia. Wakikuzungusha, TCRA wana ofisi ya kanda hapo Arusha.

Ile spika: simu ya kijana wako iko kwenye 2G. GSM, yaani hiyo 2G, hairushi mfululizo, inarusha kwa vipande mara 217 kwa sekunde, na mara 217 kwa sekunde ni mlio ambao sikio linausikia. Waya wa spika unageuka antena, amplifaya inautoa nje. WiFi yako haihusiki. Lakini inakwambia jambo: kwenye bendi ya megahezi 900, simu ya GSM inaweza kurusha hadi wati 2, na mnara ukiwa unaisikia vizuri unaishusha hatua kwa hatua hadi kama milliwati 3. Spika ikilia sana, simu inarusha kwa nguvu kubwa kwa sababu mnara hauipati vizuri. Mwambie asiiweke juu ya spika, aisogeze mita moja au mbili, na ukibadilisha waya wa spika tafuta wenye wavu wa kukinga.

Dada wa Rau

Shikamoo mzee, ahsante sana. Busta nimeifuta akilini.

Fundi Njiro, ruta iko juu ya kabati la mapokezi, sahani iko darini juu yake kabisa, hazifiki hata nusu mita. Kwenye ruta kuna diski imechomekwa, ile ya kuhifadhia picha za kamera. Ukurasa wa ruta unaandika "B40". Jikoni kuna maikrowevu, ukuta mmoja na meza za kulia chakula. Na swali la pembeni: wageni wote siku hizi wana zile spika za masikioni za Bluetooth, je nazo hazichangii?

Fundi Njiro (Arusha)

B40! Hiyo ndiyo niliyokuwa naiwinda. Bendi ya 40 ya 4G inatoka megahezi 2300 hadi 2400. WiFi inaanzia 2400 hiyohiyo. Ni majirani wa ukuta mmoja, na chaneli 1 ndiyo iliyolala ukutani. Ruta yako ikipandisha data kwenda mnarani inarusha hadi milliwati 200, wakati sahani iliyo nusu mita juu yake inajaribu kusikia simu ya mgeni iliyoko chumbani kwa -70, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya milliwati. Kichujio cha sahani hakiwezi kufunga mlango kabisa. Watengenezaji wa simu wanalijua tatizo hili vizuri, maana ndani ya simu redio hizo mbili zinabanana kwenye kipande kimoja. Viwango vya 4G viliongezewa namna ya simu kumwambia mnara "WiFi yangu inaumia" kuanzia toleo la 11.

Dawa yake ni umbali. Ipeleke ruta dirishani juu, upande unaoutazama mnara, mita tatu nne kutoka sahani yoyote. Utapata 4G bora humohumo, na ikisikika vizuri mnarani itapunguza hata kurusha kwake. Sahani ya mapokezi iweke chaneli 11, mbali na ukuta wa jirani.

Hiyo diski, kama tundu lake ni la bluu, ni USB 3. Intel wenyewe walichapisha mwaka 2012 kwamba USB 3 inavujisha kelele kati ya 2.4 na 2.5. Kichwa cha diski kikiwa mgongoni mwa ruta yenye antena ndani, umejiwekea mtambo mdogo wa kuharibu WiFi. Tumia waya wa urefu wa mita moja ulio na kinga nzuri, au ihamishie kwenye kinasa cha kamera.

Maikrowevu inakaa kwenye 2.45 hivi na inavuja zaidi upande wa katikati na juu wa bendi. Kwa hiyo sahani ya WiFi ya sehemu ya kulia chakula iweke chaneli 1. Korido ya chini iwe 6. Juu, sahani iliyo upande wa mapokezi iwe 1, isiwe sawa na iliyo chini yake. Ile nyingine ya juu izime kabisa 2.4, ibaki na 5 tu. Najua inaonekana kama kupoteza. Usiogope.

Bluetooth usiilaumu sana. Ina masafa 79 na inarukaruka mara 1600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 inajifunza kuyakwepa yale yaliyojaa WiFi. Inayoumia ni simu yenyewe, maana kwenye simu nyingi Bluetooth na WiFi ya 2.4 zinatumia antena moja kwa zamu. Mgeni akihamia kwenye 5 zamu hiyo inaisha. Wanaonisumbua mimi ni waongozaji wanaokaa mapokezi na hotspoti za simu zao zimewashwa jioni nzima mfukoni. Kila moja ni nodi nyingine kwenye hewa yako. Bandika karatasi, waombe kwa heshima.

Binti wa Kibosho

Naongeza kidogo kwa dada. Kwetu nyumba ya wageni imezungukwa na migomba, sahani ya nje ilikuwa inasumbua masika tu, kiangazi safi. Majani yakilowa yanameza mawimbi, hasa ya 5. Kama una inayohudumia bustani usiipime mwezi wa kwanza ukaridhika.

Dada wa Rau

Nimerudi wakuu. Nimefanya yote ya bure pamoja na kuhamisha ruta dirishani juu. Jina la Kamera limekufa, kamera mbili zimepata waya, moja nimeizima kwa sasa. Jioni sasa WhatsApp inashuka ngazi na mgeni bila kukatika. Kwenye iPhone kuna kama kusita kidogo anapofika mezani halafu inaendelea. Waongozaji wamezima hotspoti, isipokuwa mmoja ambaye anasema yeye analipia bando lake.

Ila chumba cha mwisho chini, kile kilichopo nyuma ya tangi la maji, sasa hakipati kabisa. Kabla ya hapa kilikuwa kinapata angalau kwa kusuasua. Nipandishe nguvu ya korido kidogo?

Mangi Pasua

Hicho chumba kiuze ghali zaidi. "Kimya kamili."

Fundi Njiro (Arusha)

Usipandishe. Hicho chumba hakikuwahi kupata WiFi, kilikuwa kinapata mistari, na mgeni wake akisuasua kwa spidi ndogo alikuwa anakalia hewa ya wenzake wote wa chini. Tangi la maji na kuta mbili za saruji huwezi kushindana nazo. Hamishia huko ile sahani ya juu uliyoizima 2.4, maana juu naamini umeona moja inatosha na masafa ya 5. Kwa 2.4 ya huko weka 11.

Na hapo sasa ndipo hela yako iingie: waya. Vyote vitano vivutiwe waya kwenda swichi moja inayotoa na umeme humohumo, uachane na kupokezana hewani. Rangi ya kuta haitaguswa, pitisha nje chini ya ukingo wa bati ndani ya paipu ya plastiki, utoboe tundu moja kwa kila sahani. Kila mstari usizidi mita 100, kwa gesti yako hutafika hata nusu. Nunua waya wa mtandao aina ya Cat6, wa shaba tupu. Madukani kuna nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba, ni nyepesi mkononi na bei inavutia, lakini ikibeba umeme wa sahani inapata joto na volti zinaishia njiani. Kabla hujalipa omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona ndani ni nyeupe, mrudishie boksi lake.